Krismasi ni ya Watoto Wote wa Ukoo

Ndugu msikilizaji, kila ifikapo Desemba mabasi yaendayo Bukoba na Muleba hujaa. Wapo wanaotutania kuwa Wahaya tunarudi nyumbani kuonyeshana suti na magari. Utani huo una ukweli kidogo. Lakini historia ya sikukuu hii kwetu Kagera ina jambo zito zaidi ya suti.

Mapadri Weupe walivuka kutoka Uganda, wakafungua misheni ya Kashozi mwaka 1892. Kwa upande wa Waprotestanti, Wahaya walioipokea imani huko Buganda walikuwa tayari wakikusanyika na kusoma Biblia ya Kiganda, kabla wamisionari wa Bethel kutoka Ujerumani hawajafika mwaka 1910. Mara nyingi dini iliingia nyumba nzima kwa pamoja. Laurean Rugambwa, aliyezaliwa mwaka 1912 eneo la Rutabo, ambalo leo liko wilayani Muleba, alibatizwa mwaka 1921 akiwa na umri wa miaka minane, pamoja na baba na mama yake. Mtoto huyo ndiye aliyekuja kuwa Kardinali wa kwanza Mwafrika wa zama hizi, mwaka 1960.

Sikukuu nayo ikavaa desturi za nyumbani. Kanisani watoto walitazama pango la Noeli. Nyumbani walikuta majani mabichi yametandazwa sakafuni na ndizi ziko jikoni. Senene nao, ambao msimu wao huangukia Novemba na Desemba, waliongeza kitoweo. Mzazi aliyefanya kazi Mwanza, Dar es Salaam au Kampala alimleta mwanawe akaamkie babu na bibi, akione kibanja, aonyeshwe na makaburi ya wazee kati ya migomba. Hiyo ndiyo ilikuwa shule ya Krismasi.

Kisha likaja janga. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mkoani Kagera. Sisi tuliokua miaka iliyofuata tuliona nyumba zikibaki na bibi na wajukuu peke yao. Namkumbuka bibi mmoja wa kwetu Muleba. Kila Desemba aliuza mikungu yake ya ndizi, akanunua kitambaa cha rangi moja, na fundi cherehani akawashonea wajukuu wote. Watu walicheka wakisema amewavalisha sare. Lakini walipoketi kanisani, hakuna mgeni aliyeweza kutambua yupi ni yatima na yupi ana wazazi.

Tangu mwaka 2004, serikali ilipoanza mpango wa kutoa dawa za kufubaza virusi, vifo vimepungua sana. Mayatima wa wakati ule leo ni baba na mama, wengi wao wakiishi mijini. Hata hivyo, wapo ambao hawajawahi kuwapeleka watoto wao nyumbani, na wapo watoto wa marehemu ambao hakuna anayewakumbuka nauli inapopangwa. Mtoto ambaye ukoo haumjui, nani atamsemea siku kibanja cha baba yake kitakapogawanywa?

Basi, unapohesabu nauli ya wanao mwaka huu, mhesabu na mtoto wa marehemu ndugu yako. Ukinunua kitambaa, nunua cha kuwatosha wote. Mkono mmoja haulei mwana.

Hadi wiki ijayo, nawatakia heri ya Krismasi.