Kuupima Mto Nzoia

Mto Nzoia, ambao chimbuko lake ni milima ya Cherangani na Elgon, hupita kusini mwa Bumula ukishuka mpaka Budalangi, na huko huingia Ziwa Viktoria. Wenyeji wa bondeni waujua ukali wake: mwezi wa Mei 2020 uliyabomoa matuta ya kuuzuia, ukafurika vijijini.

Je, mafuriko yaweza kukisiwa kabla hayajafika? Mwaka 1889 Robert Manning, mhandisi wa Ireland, alitoa kanuni ya kupata mwendo wa maji kwa kutazama umbo la mkondo, mteremko wake, na jinsi kuta zake zilivyokwaruza. Kanuni yenyewe ni fupi. Taabu ni kuirudia hatua kwa hatua mto mzima. Tangu mwaka 1995 taabu hiyo hubebwa na programu ya kompyuta iitwayo HEC-RAS, kazi ya wahandisi wa jeshi la Marekani.

Lakini vipimo vitoke wapi? Mwezi wa Februari 2000 chombo cha anga Endeavour kilipima kwa rada vimo vya nchi nyingi za dunia, katika safari ya siku 11. Ramani tuliyoipata kwanza huku kwetu ilikatwa vipande vya mraba, kila upande mita 90, na kila kipande kilipewa kimo kimoja tu. Hebu fikiri, msomaji: tuta ni jembamba mno, haliwezi kukijaza kipande hicho. Kimo chake humezwa na mashamba ya kando, na katika kompyuta maji hupita kana kwamba tuta halikujengwa kamwe! Tena rada haipenyi maji, na sakafu ya mto haikuonekana. Ye yote atakaye kuuhesabu Nzoia hana budi kwanza kushuka mtoni na ufito, apime kina chake toka ukingo hata ukingo.