Likelemba: banki ya bamama

Mu Oktoba 1993 serikali ilileta zaïre mpya: moja kwa 3.000.000 za zamani. Mwenye aliweka feza yake ku banki alibaki na karatasi tu. Lakini ku soko, bamama walikuwa na likelemba. Watu kumi wanachanga kila wiki, mmoja anabeba yote, ananunua unga ao samaki ya kuuzisha. Feza hailali, kwa hiyo kupanda kwa bei hakupati nafasi ya kuikula yote. Shida ni moja: wa mwisho ku zamu anapokea feza yenye imepoteza nguvu. Sisi wenye diploma bila kazi, tukianza yetu, tuulizane kwanza: wa mwisho tutamulinda namna gani?