RPG: lugha ya kadi iliyofika hadi kwenye brauza

Leo nawaletea historia, ila sio ya wafalme wala vita. Ni ya lugha ya kompyuta inayoitwa RPG, na sisi walimu watarajiwa ina somo letu humo ndani.

RPG ni ya mwaka 1959, kazi ya IBM kule Marekani. Ilisoma kadi zilizotobolewa matundu na kuchapa ripoti za mishahara, madeni na mali za stoo. Kadi ilikuwa na safu 80, kila kitu na nafasi yake. Ukikosea nafasi moja, imekula kwako.

Mwaka 1988 ikaja AS/400, na RPG ikawa lugha yake kuu. Skrini nyeusi, maandishi ya kijani, mistari 24 ya herufi 80. Kadi imekufa, ile 80 bado ipo!

Intaneti ilipoingia wengi walisema basi, RPG kwisha habari yake. Lakini mwaka 1993 watu wa NCSA, Chuo Kikuu cha Illinois, walitoa utaratibu wa CGI: seva inaiita programu, na chochote programu itakachoandika kinapelekwa kwenye brauza. Kumbe! Kuandika mistari ndio kazi ya RPG toka enzi. Inatoa mstari wa kutambulisha kwamba hii ni HTML, inaacha mstari mtupu, halafu ukurasa wenyewe. Kwa RPG, brauza ikawa kama printa nyingine tu. IBM waliweka hata kifaa cha kusukumia hayo maandishi, QtmhWrStout.

Ila ilichosha. Kubadili rangi ya kichwa tu, unafungua programu na kuikompaili upya. Ndipo Mel Rothman wa IBM akatengeneza CGIDEV2: HTML inakaa kwenye faili lake, RPG inajaza majina na tarakimu.

Kwa nini wasingeitupa tu? Kwa sababu humo ndani ndimo zilimokaa sheria za kampuni: nani anapunguziwa bei, riba inahesabiwaje, deni linafungwa lini. Nyingine hazikuandikwa popote zaidi ya humo, na aliyeziandika ameshastaafu.

Kwa hiyo wadau, tukifika mashuleni tukamkuta mwalimu mzee na madaftari yake, tusikimbilie kusema amepitwa na wakati. Tumuulize kwanza anajua nini, halafu tumtafutie brauza yake.

Tupo pamoja!