Njiwa Msafiri Hakuwa Mvamizi: Ushahidi wa Simon Pokagon

Katika historia ya uwindaji wa ndege wa jamii ya njiwa, hakuna aliyeandikwa zaidi ya njiwa msafiri wa Amerika ya Kaskazini, ambaye katika karne ya 19 alihama kwa makundi ya mamilioni, na ambaye wa mwisho wao, jike aliyeitwa Martha, alikufa katika bustani ya wanyama ya Cincinnati tarehe 1 Septemba 1914. Kwamba ndege huyo ametoweka hakuna anayebisha; ubishi umehamia kwenye wingi wake. Mwaka 2005 Charles C. Mann, katika kitabu chake 1491, aliieneza hoja iliyokwisha kutolewa na baadhi ya wanaakiolojia, yaani wachunguzi wa mabaki ya kale, kwamba wingi huo haukuwa wa asili: wenyeji wa bara hilo walizigombea na njiwa kokwa za miti ya msituni, na maradhi yaliyoletwa na Wazungu yalipowafyeka watu, ndege wakafurika. Msomaji wa hoja hiyo huishia kumwona njiwa msafiri kama mvamizi katika nchi yake mwenyewe, na kuangamizwa kwake kunapungua uzito.

Maneno yenyewe yanahitaji kuwekwa sawa. Ndege mwenyeji ni yule aliyekuwapo mahali bila kuletwa na binadamu. Mgeni ni aliyeletwa. Na mvamizi ni mgeni aliyezaana na kuenea hata akawasonga waliomtangulia. Kiswahili kina majina mengi ya jamii hii, tangu njiwa, tetere na hua mpaka pugi na ninga, na kwa majina hayo Amerika inaeleweka vizuri. Njiwa manga, yule afugwaye na kuzagaa mijini, ni mgeni aliyeletwa na Wafaransa mwanzoni mwa karne ya 17. Hua ambaye Wamarekani wamempa jina la maombolezo kwa sababu ya mlio wake ni mwenyeji. Njiwa msafiri naye alikuwa mwenyeji, tena wa kale mno. Jinsi makundi yake yalivyolifunika jua imesimuliwa mara nyingi kutoka kwa wataalamu wa ndege Alexander Wilson na John James Audubon, na haina haja ya kurudiwa.

Shahidi anayestahili nafasi ambayo hajapewa ni Simon Pokagon, mzee wa Wapotawatomi wa Michigan aliyezaliwa mwaka 1830, ambaye mwaka 1895 alichapisha makala juu ya njiwa hao katika jarida la The Chautauquan. Wapo wanaomtilia shaka kwa madai kwamba baadhi ya maandishi yenye jina lake yaliandikwa na mikono mingine. Lakini shaka hiyo, iliyohusu zaidi riwaya yake, haigusi mambo aliyoyaona porini na ambayo wawindaji weupe wa zama zake waliyathibitisha. Anaeleza kwamba mwezi Mei 1850, akiwa amepiga kambi kwenye chanzo cha mto Manistee, alishtushwa na mvumo uliofanana na jeshi la farasi waliofungwa njuga likikatiza msituni, akadhani ni radi, ingawa asubuhi ilikuwa nyeupe. Kisha njiwa wakamfikia, wakapita chini chini kati ya miti na kumzunguka pande zote. Alikaa akiwatazama wakipandana na kujenga viota, na akaandika kwamba dume na jike wote wawili huandaa ndani ya koo chakula kizito kama maziwa yaliyoganda, ambacho ndicho kinda hulishwa siku zake za kwanza.

Elimu hiyo ya kiota ndiyo iliyokuwa msingi wa uwindaji wa wenyeji. Njiwa msafiri alitaga yai moja tu, na baada ya kama wiki mbili za kulilisha kinda wazazi waliliacha likiwa limenona kupita kiasi, likaanguka chini na kukaa siku chache bila kuweza kuruka. Wakati huo ndipo familia zilipokusanyika kuvuna makinda, kukausha nyama na kuyeyusha mafuta ya kuhifadhi, huku desturi za mataifa kadhaa, Waseneka wakiwamo, zikikataza kuwasumbua wazazi waliokuwa bado wanalea. Ilikuwa ni sheria ya uwindaji kwa maana kamili, ijapokuwa haikuandikwa bungeni.

Kilichofuata kilivunja kila kipengele cha sheria hiyo. Simu za waya ziliwatangazia wawindaji wa biashara mahali makundi yalipotua, na reli ikawafikisha huko na kuipeleka nyama Chicago na New York. Njiwa wa chambo, aliyeshonwa kope asione, alifungwa juu ya kigingi ili mapigo ya mabawa yake yawashushe wenzake chini ya wavu. Wengine walikamatwa wakiwa hai wapelekwe kwenye mashindano ya shabaha. Mwaka 1857 kamati ya Seneti ya jimbo la Ohio iliamua kwamba ndege huyo hahitaji kulindwa. Miaka 21 baadaye, kwenye mazalio makubwa ya Petoskey, Michigan, H. B. Roney alijaribu kuwashtaki waliokiuka sheria dhaifu ya jimbo, akajibiwa na E. T. Martin, mfanyabiashara wa njiwa wa Chicago, aliyeitetea biashara hiyo kwa hesabu zake mwenyewe. Hesabu za muuzaji si ushahidi wa kutosha juu ya bidhaa yake.

Mwaka 1880, kwenye mto Platte, Pokagon aliona jambo ambalo makala yake inalisimulia kwa uchungu. Mazalio yalikuwa katika miti ya nchi za baridi yenye gome jeupe, jembamba kama karatasi na lenye mafuta. Wawindaji waligusisha kiberiti shinani, moto ukapanda mpaka tawi la mwisho kwa mlipuko mmoja, makinda yakajirusha chini kwa pamoja, na wazazi wakapaa ndani ya moshi wakiwa wameungua manyoya. Kwenye gome la mti wa aina hiyo hiyo Pokagon alichapisha mwaka 1893 kijitabu cha kuwashtaki wazungu kwa kuwapokonya wenyeji nchi yao.

Hoja ile ya kwamba njiwa walifurika baada ya wenyeji kufa hutegemea uchache wa mifupa ya njiwa katika makazi ya kale. Hoja hiyo ni nyepesi, kwa kuwa mifupa ya makinda ni laini na huoza upesi, na watu waliovuna mazalioni hawakulazimika kuibeba mpaka vijijini. Utafiti wa chembe za urithi wa mwaka 2014 ulidai kwamba idadi ya ndege hao ilikuwa ikipanda na kushuka sana. Lakini ule wa mwaka 2017, uliotolewa katika jarida la Science na Gemma Murray, Beth Shapiro na wenzao, ulionyesha kwamba idadi ilikuwa kubwa na tulivu kwa miaka ipatayo 20,000 kabla ya kutoweka. Wingi ulikuwa ndio hali yake.

Ulinzi wa kweli ulikuja baadaye, kwa mkataba wa mwaka 1916 kati ya Marekani na Uingereza kwa niaba ya Kanada, na sheria ya mwaka 1918. Hua mwenyeji, atagaye mayai mawili na kulea zaidi ya mara moja kwa mwaka, anawindwa kwa msimu na kwa idadi maalumu katika majimbo mengi, ingawa wapigakura wa Michigan walikataa uwindaji wake mwaka 2006. Tetere wa Ulaya na Asia mwenye utepe mweusi shingoni, aliyetoroka kwa mfugaji huko Bahama mwaka 1974 na kuenea karibu Marekani nzima, halindwi na sheria hiyo, na katika jimbo la Texas anawindwa mwaka mzima bila kikomo cha idadi. Huyo ndiye anayestahili kuitwa mvamizi.

Makala ya Pokagon ni ya kurasa chache, na W. B. Mershon aliichapisha tena katika kitabu chake cha mwaka 1907. Yeyote atakayetaka kulitumia neno mvamizi kwa njiwa msafiri hana budi kuisoma kwanza.