Mwenye Mali Aliyejifunga kwa Sheria: Historia Fupi ya Wakfu wa Carl Zeiss

Sheria za Wakfu wa Carl Zeiss zilizoanza kutumika mwaka 1896 katika mji wa Jena, Ujerumani, zina kifungu ambacho wakurugenzi wengi wa leo wangekisoma wakashika vichwa. Hakuna kiongozi wa kampuni, hata awe mtaalamu asiye na mfano, atakayelipwa kwa mwaka zaidi ya mara kumi ya wastani wa kipato cha mfanyakazi. Hata namna ya kuupata wastani huo ilielezwa, pasibaki mwanya wa kuchezea hesabu: wahesabiwe wafanyakazi waliotimiza miaka 24 na kukaa kazini miaka mitatu au zaidi. Mtu aliyeandika kifungu hicho alikuwa mwenyewe katika uongozi wa kampuni hiyo, na miaka mitano nyuma alikuwa bado mmoja wa wamiliki wake.

Mtu huyo ni Ernst Abbe. Alizaliwa Eisenach tarehe 23 Januari 1840. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa kinu cha kusokota nyuzi, akifanya kazi saa kumi na nne kwa siku, pengine hata kumi na sita, muda wote amesimama, bila mapumziko ya chakula. Ernst na dada yake walipokezana kumpelekea chakula cha mchana. Mzee alikula ameegemea mashine au amechutama juu ya kasha, akamrudishia mtoto chungu kitupu, akageukia kazi yake. Abbe alikuja kuyasimulia haya mwaka 1901 akiwa profesa mwenye jina, katika hotuba ya kutetea siku fupi ya kazi. Alieleza kwamba baba yake alikuwa pande la mtu, lakini alipofika miaka 48 alikuwa ameshakuwa kikongwe. Waliosaidia kumsomesha mtoto wa mzee huyo walikuwa matajiri wa kinu kile kile, na nadhani hapo ndipo Abbe alipojifunza mapema kutochanganya ukarimu na haki.

Carl Zeiss alikuwa fundi. Alifungua karakana yake Jena tarehe 17 Novemba 1846, akitengeneza na kukarabati vyombo vya kisayansi, kisha hadubini. Siku hizo lenzi za hadubini zilipatikana kwa kubahatisha: fundi alisaga, akapanga, akatazama, akabadilisha, mpaka picha ikakaa sawa. Hadubini mbili zilizotoka mezani pamoja zingeweza kutofautiana sana. Zeiss hakuwa mwanahisabati, ila alijua kwamba njia hiyo ina mwisho wake. Mwaka 1866 akamfuata Abbe, wakati huo mwalimu kijana wa Chuo Kikuu cha Jena, akamwomba aitafutie kazi hiyo msingi wa hesabu.

Ilichukua miaka. Mwaka 1872 kampuni ilianza kuuza hadubini ambazo lenzi zake zilikokotolewa kabla hazijasagwa, na mwaka uliofuata Abbe alichapisha nadharia inayoonyesha kwamba mwanga wenyewe unaweka mpaka wa udogo wa kitu kinachoweza kuonekana. Kanuni hiyo imechongwa kwenye mnara wake mjini Jena. Kikwazo kilichobaki kilikuwa kioo, na hapo akaingia mkemia Otto Schott kutoka Witten. Mwaka 1884 wakafungua pamoja maabara ya vioo. Abbe alikuwa ameshafanywa mbia wa Zeiss tangu 1875. Mtoto wa mfanyakazi wa kinu akawa tajiri.

Utajiri huo ulimsumbua. Hoja yake haikuwa ya dini wala ya huruma, ilikuwa ya mhasibu: faida hii imetoka wapi? Imetoka kwenye elimu iliyokusanywa na wengi na kufundishwa katika chuo cha umma, na imetoka kwenye mikono ya mamia ya mafundi. Basi mtu mmoja anaichukua yote kwa haki gani? Kwa hoja hiyo hiyo alikataa kuwekea hataza maboresho ya hadubini, maana aliona vyombo vya sayansi ni vya kila anayetafiti. Darubini za macho mawili, ambazo ni bidhaa ya sokoni, alikubali ziwekewe.

Zeiss alifariki tarehe 3 Desemba 1888. Tarehe 19 Mei 1889 Abbe akaunda wakfu, akaupa jina la mwenzake badala ya lake. Mwaka 1891 hisa zake na zile za Roderich Zeiss, mwana wa marehemu, zikahamishiwa kwenye wakfu huo, na Abbe akabaki kuwa mwajiriwa wa kampuni aliyokuwa akiimiliki. Msomaji wa Lamu au Unguja hatapata taabu kuelewa jambo hili: kama nyumba iliyowekwa wakfu kwa ajili ya msikiti, kampuni nayo haikuwa tena na mtu wa kuirithi wala wa kuiuza, na mapato yake yalikuwa na njia yaliyopangiwa. Tofauti ni kwamba nyumba ya Abbe ilikuwa na moto wa tanuri ndani yake, na ilipaswa kushindana sokoni kila siku.

Sheria za 1896 ndizo kiini cha yote. Mfanyakazi alipata likizo yenye malipo, jambo ambalo kwa mtu wa karakana wa wakati ule lilikuwa kama ndoto. Alipata pensheni. Aliyeachishwa kazi bila kosa lake alilipwa fidia. Hakulazimishwa kufanya kazi za ziada. Wafanyakazi waliruhusiwa kuwa na kamati yao, wakapata pia fungu la faida mwaka ulipokuwa mzuri. Ajira na kupandishwa cheo havikupaswa kuangalia asili ya mtu, dini yake wala chama chake. Na la kubwa kuliko yote: haya yaliandikwa kama haki ambazo mfanyakazi angeweza kuzidai mahakamani dhidi ya kampuni.

Ili kuelewa uzito wa neno hilo la mwisho, tazama Essen ya siku zile. Familia ya Krupp, wenye viwanda vya chuma, ilikuwa imewajengea wafanyakazi wake nyumba, maduka na hospitali, na sifa zake zilienea Ulaya nzima. Lakini mfanyakazi aliyefukuzwa alipoteza kazi na nyumba kwa pamoja, kwa hiyo wema huo ulikuwa pia kamba shingoni. Abbe aliuchukia wema wa namna hiyo. Hakutaka mfanyakazi amshukuru mtu. Wala hakuwa na imani kwamba wakurugenzi wajao watakuwa na moyo kama wake, ndiyo maana akaandika vifungu vingi hivyo, vingine virefu vya kuchosha, vikizifunga hata hatua za watu ambao hawajazaliwa. Huu, kwa maoni yangu, ndio mchango wake mkubwa katika suala la uongozi wenye kujali jamii: aliuondoa kwenye hulka ya kiongozi akauweka kwenye katiba ya taasisi.

Suala la saa za kazi alilishughulikia kama jaribio la maabara. Mwaka 1900 aliwauliza wafanyakazi wenyewe kama wataweza kumaliza kwa saa 8 kile walichokuwa wakimaliza kwa saa 9, kisha kazi ya saa 8 ikaanza mwezi Aprili. Baada ya mwaka mmoja akachukua hesabu za mafundi 233 waliolipwa kwa kipande. Ili mtu asipoteze chochote kwa kupunguziwa saa moja, alihitaji kuongeza kasi kwa asilimia 12.5. Waliongeza kwa asilimia 16.2. Walizalisha zaidi kwa muda mfupi, nao walikwenda nyumbani mapema. Wenye viwanda wengine walisoma takwimu hizo, wengi wakaendelea na siku zao ndefu. Ujerumani yote iliingia kwenye saa 8 baada ya mapinduzi ya 1918.

Fedha za wakfu zilienda Chuo Kikuu cha Jena, ambacho bila hizo kingebaki chuo kidogo cha mkoani, na zilienda kwa watu wa mji. Chumba cha kusomea magazeti na vitabu kilifunguliwa bure kwa wote. Mwaka 1903 ukamalizika ukumbi wa Volkshaus, wenye maktaba na jumba kubwa la mikutano. Abbe alisisitiza uwe wazi kwa kila chama, katika mji ambao wasoshalisti walikuwa wakinyimwa pa kukutania. Septemba 1905 chama cha Social Democratic kilifanya mkutano wake mkuu humo. Abbe hakuuona; alifariki tarehe 14 Januari mwaka huo. Uongozi ulikuwa umeachwa mikononi mwa watu kama Siegfried Czapski, mwanafizikia Myahudi, uthibitisho kwamba kile kifungu kuhusu asili na dini hakikuwa pambo.

Kazi ya Jena ilifika kwetu mapema. Mbinu ya kutia tone la mafuta kati ya lenzi na kipande cha kioo, ambayo Abbe aliikamilisha mwaka 1878, ndiyo mpaka leo anayoitumia mtaalamu wa maabara katika zahanati akitafuta vijidudu vya malaria kwenye damu. Robert Koch aliitumia kugundua bakteria wa kifua kikuu mwaka 1882, akazisifu sana lenzi hizo. Koch alifika Dar es Salaam mwaka 1897 kuchunguza malaria na tauni, na mwaka 1906 alirudi Afrika Mashariki kwa ajili ya malale, akaweka kambi katika visiwa vya Sese, Ziwa Viktoria. Huko aliwadunga wagonjwa dawa ya atoxyl kwa vipimo vikubwa, na baadhi yao walipofuka. Chombo kilikuwa kile kile kilichotengenezwa na mafundi wenye likizo na pensheni. Sheria za 1896 zilimlinda aliyekisaga. Aliyelala kitandani Sese hakuwamo ndani ya kifungu chochote.

Kasoro hiyo ilizidi kuonekana kadiri kampuni ilivyokua. Darubini na vyombo vya kulengea shabaha vilinunuliwa na majeshi, na faida yake ikajenga maktaba na kulipa pensheni. Chini ya Wanazi kampuni iligeuka nguzo ya uzalishaji wa vita, na maelfu ya watu walioletwa kwa nguvu kutoka nchi zilizotekwa walitumikishwa humo, katika kiwanda ambacho katiba yake ilikataza kumbagua mtu kwa asili. Maandishi yalikuwapo. Waliokuwa na mamlaka waliyaruka. Taasisi inayoadhimisha historia yake bila kufungua ukurasa huu inajidanganya yenyewe.

Vita vilipokwisha, wakfu ulipasuka. Wamarekani waliingia Jena Aprili 1945. Mwezi Juni, kabla ya kuwaachia Wasovieti mji kama ilivyokubaliwa, waliondoka na wataalamu 84 wa Zeiss na 41 wa Schott pamoja na familia zao, wakawapeleka magharibi. Wasovieti nao wakang'oa mashine na kuzisafirisha, na Oktoba 1946 wakawachukua mamia ya wataalamu waliobaki pamoja na jamaa zao. Mwaka 1948 kiwanda cha Jena kilitaifishwa. Mwaka 1949 serikali ya upande wa magharibi ikatangaza kwamba makao ya wakfu sasa ni Heidenheim, karibu na Oberkochen ambako waliohamishwa walikuwa wameanza upya. Schott ilijenga kiwanda kipya Mainz.

Kwa hiyo dunia ikawa na Zeiss mbili, kila moja ikijiita halali, zikishtakiana katika mahakama za nchi mbalimbali. Makubaliano ya London ya 1971 yalizigawia masoko na majina: huku jina kamili, kule "Jena" peke yake, kwingine "Opton". Mwanafunzi aliyesomea hadubini ya Jena na aliyesomea ya Oberkochen walitazama kupitia urithi wa mtu mmoja bila kujua.

Ukuta wa Berlin ulipoanguka, pande hizo mbili ziliungana mwaka 1991. Muungano haukuwa wa vifijo kwa kila mtu. Maelfu kwa maelfu ya wafanyakazi wa Jena walipoteza ajira. Sehemu ya kiwanda ikawa Jenoptik chini ya Lothar Späth, aliyewahi kuwa waziri mkuu wa jimbo la Baden-Württemberg, na sehemu nyingine ikarudi kwa Zeiss.

Mwaka 2004 sheria za wakfu zilifanyiwa mageuzi makubwa. Carl Zeiss na Schott zikawa kampuni za hisa, na wakfu ukabaki mwenye hisa pekee wa zote mbili. Gawio lake huenda kwenye utafiti na ufundishaji wa sayansi katika vyuo vya majimbo ya Baden-Württemberg, Rheinland-Pfalz na Thüringen. Vioo na lenzi za Zeiss vimo leo ndani ya mitambo ya kampuni ya ASML inayochapa chipu za kisasa kuliko zote duniani, na chupa za Schott zilibeba sehemu kubwa ya chanjo za Uviko-19.

Marufuku ya kuuza hisa za kampuni hizo mbili imebaki, ila haigusi kampuni zao tanzu. Carl Zeiss Meditec imekuwa sokoni kwa muda mrefu, na Septemba 2023 Schott Pharma nayo iliingia katika soko la hisa la Frankfurt, wingi wa hisa ukibaki kwa mzazi wake. Kwa hiyo wawekezaji wa nje sasa wanagawana sehemu ya faida ambayo Abbe alitaka isiwe na mwenyewe. Hakuna kifungu kilichovunjwa. Mtaji ulihitajika, na mlango ulikuwapo.