Vichwa vya Tikisa-mkia

Kiwanja chetu cha mpira huku Eastlands kina wachezaji wa namna mbili. Sisi hucheza jioni. Asubuhi, ng'ombe wa mzee mmoja wanapopitishwa kwenye nyasi chache zilizobaki karibu na goli la mashariki, huja ndege wadogo wenye tumbo la njano na mkia mrefu usiotulia, wakikimbia katikati ya kwato kudaka nzi. Tangu utotoni tumewaita tikisa-mkia, na hapa nitawaita hivyo hivyo. Huanza kufika Septemba na Oktoba, na mwisho wa Aprili wote wameshakwenda zao. Mmoja ana uzito wa gramu 17 hivi, pungufu ya betri ndogo ya redio, na huyo ndiye anayevuka Sahara mara mbili kwa mwaka.

Nimewatazama misimu kadhaa kwa darubini ya kuazima, na swali langu lilikuwa dogo tu: huyu ametoka wapi? Kumbe swali hilo lina historia ya zaidi ya miaka 250, na karibu yote ni historia ya watu kubishania vichwa.

Linnaeus, Mswidi yule aliyetaka kila kiumbe kiwe na jina, alimwandika tikisa-mkia mwaka 1758 kuwa Motacilla flava. Ndege aliyemjua ni wa kwao Sweden. Baadaye wengine wakaanza kukuta ndege yuleyule mwenye kichwa kingine. Samuel Gottlieb Gmelin, aliyetumwa na Urusi kuzunguka pande za Volga na Kaspi, alitoa jina lutea mwaka 1774, na mwaka huohuo akafia kifungoni huko Kaukazi. Billberg akaja na thunbergi mwaka 1828, kwa heshima ya Thunberg aliyekuwa mwanafunzi wa Linnaeus. Michahelles akaleta feldegg mwaka 1830, kutoka Dalmatia, jina la mwanajeshi aliyekuwa akikusanya ndege. Sykes, afisa wa jeshi la Kiingereza kule India, akampata beema mwaka 1832. Huyu beema hakuzaliwa India, alikuwa mgeni pale kama hawa walivyo wageni kwetu, lakini alipigiwa muhuri ugenini.

Tazama basi walivyofanya kazi. Ndege alipigwa risasi, akachunwa, akajazwa pamba, akalazwa kwenye droo. Na aliyechaguliwa kuwa kielelezo alikuwa dume, tena dume aliyevaa nguo za harusi. Majike na makinda walikaa pembeni, na mpaka leo wako pembeni kwa sababu nitakayoieleza.

Kwanza nguo zenyewe, kwa mwenye daftari. Dume wa flava ana kichwa cha kijivu chenye ubuluu na mstari mweupe juu ya jicho, kama nyusi iliyochorwa kwa mkono usiotetemeka. Thunbergi, wa kaskazini ya Skandinavia na Urusi, ana utosi wa kijivu kilichokolea na mashavu karibu meusi. Nyusi hana, au ana kidokezo tu nyuma ya jicho. Feldegg, wa Balkani na Uturuki, ana kichwa cheusi ti ti ti, kinang'aa kama kiatu cha askari siku ya gwaride. Huyo hata ukifumba macho utamjua, maana mlio wake una mkwaruzo. Lutea wa nyika za Volga na Kazakhstan ana njano mpaka usoni, ukimwona kwa mbali utadhani kwera ameshuka chini. Beema naye ni kijivu kilichopauka, nyusi pana nyeupe, na weupe mwingine chini ya jicho. Wote hao wanahesabiwa spishi moja. Wataalamu huwaita nususpishi.

Rahisi, sivyo? Njoo kiwanjani Oktoba uone cha mtema kuni. Wote ni kahawia-kijani na njano hafifu, vijana kwa wazee, na mtu anayekuambia ametambua jike wa flava na jike wa beema katika vumbi lile, mpe chai umwache aendelee na hadithi zake. Mimi mwenyewe niliwahi kujaza kurasa mbili za majina msimu wangu wa kwanza. Nilizichana. Kwa madume mambo hufunguka kuanzia Januari hivi mpaka Machi, manyoya ya kichwa yanapodondoka na mapya kuota. Yaani nguo za kwao wanavalia kwetu. Asubuhi moja unakuta kichwa chenye madoa meusi, wiki mbili baadaye ni feldegg kamili.

Halafu wako wasiokubali kuingia kwenye mstari. Kusini-mashariki ya Ulaya, flava na feldegg hukutana na kuoana, na watoto wao hutoka na kichwa cheusi chenye nyusi nyeupe. Wazee wa droo walipowapata hao walifanya nini? Waliwapa jina lao: mmoja superciliaris, mwingine, wa Romania, dombrowskii, mwaka 1903. Ilichukua muda kukubaliwa kwamba hao hawana nchi yao peke yao, ni watoto wa mpakani.

Niliposoma habari hiyo nilicheka peke yangu, kwa sababu nilikuwa nimetoka kuhangaikia kitambulisho. Katika ofisi moja karani aliniuliza, "Kwenu ni wapi?" Nikamwambia hapa hapa Nairobi, nimezaliwa hapa. Akasema, "Nairobi si kwa mtu, kijana." Mama ametoka upande mmoja wa nchi, baba upande mwingine, na fomu ilikuwa na nafasi ya jibu moja. Nilirudishwa mara tatu. Kwa hiyo nikimtazama ndege na kuuliza ametoka wapi, najua swali hilo linavyosikika upande wa pili.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wataalamu waliposoma DNA, droo zilitikisika zaidi. Tikisa-mkia wa mashariki ya mbali ya Asia, waliofanana sana na hawa wa magharibi, walionekana kuwa wa ukoo mwingine, na leo wengi wanawahesabu spishi nyingine. Na hawa wa magharibi, wenye vichwa vinavyopigiwa kelele, ndani wanatofautiana kidogo sana.

Hapo ningeweza kusema basi, majina ni porojo. Lakini kuna kazi moja iliyonizuia, nayo ilifanyika jirani: Kivu, mashariki ya Kongo, katika miaka ya 1950. Mswidi Kai Curry-Lindahl aliyakuta makundi ya tikisa-mkia wakilisha pamoja karibu kabisa na ikweta, wa kusini na wa kaskazini wamechanganyika. Wakati huo wengi waliamini kwamba safari ya ndege huamshwa na urefu wa mchana. William Rowan alikuwa amelionyesha jambo hilo Kanada katika miaka ya 1920, kwa ndege aliowawashia taa wakati wa baridi. Sasa ikweta mchana ni saa 12, mwaka mzima. Ndege atajuaje kwamba kwao theluji inayeyuka?

Curry-Lindahl aliona kwamba hawakuondoka pamoja. Wenye kwao kusini, ambako joto huwahi, walinenepa mapema, viungo vyao vya uzazi vikakua mapema, wakaenda. Thunbergi walibaki wakila taratibu, katika malisho yaleyale, chini ya jua lilelile, maana nchi yao ilikuwa bado barafu. Aliyachapisha hayo mwaka 1958. Miaka kama kumi baadaye Eberhard Gwinner, Mjerumani, alifungia ndege wadogo wahamao katika vyumba ambamo taa iliwaka saa zilezile kila siku, na bado miili yao ilifuata mwaka wake. Saa iko ndani.

Kwa hiyo kichwa cheusi kinasema jambo moja la kweli, nalo ni tarehe. Mambo mengine mengi tuliyokibebesha hakiyajui.

Daftari langu la msimu uliopita. Tarehe 12 Machi: vichwa vyeusi viwili, kijivu wengi. Tarehe 2 Aprili: cheusi hata kimoja. Tarehe 23 Aprili mvua ilikuwa imegeuza goli la mashariki kuwa bwawa, na ukingoni alibaki mmoja tu, mashavu meusi, nyusi hana, amenona mpaka anaonekana mfupi. Ng'ombe walipita, hakuwafuata. Tarehe 26 nilikwenda tena, nikakuta watoto wanaogelea.