Mwalimu wa Barazani

Margaret Trowell alizaliwa London mwaka 1904, akasomea uchoraji katika shule ya Slade, kisha akahamia Afrika ya Mashariki pamoja na mumewe, tabibu. Mwaka 1937 alianza kufundisha uchoraji Kampala, barazani pa nyumba yake. Ndiyo asili ya shule ya sanaa ya Makerere. Hakutaka wanafunzi waige picha za Wazungu. Aliwasimulia kisa, kila mmoja akachora alivyokiona moyoni. Uhuru huo ulikuwa na mpaka: mgeni ndiye aliyepima lipi la Kiafrika na lipi silo. Sam Ntiro wa Machame, mwanafunzi wake, alikwenda Slade ile ile, akarudi kufundisha Makerere, naye hakuacha kuchora maisha ya Wachaga.